Bu Murwani Hakumwachia Mtu Kipaza Sauti

Bu Murwani, yaani Mama Murwani, alikuwa na baba wawili. Wa kwenye karatasi alikuwa karani wa kiwanda cha sukari, aliyefia kitandani kwake na kuzikwa na mtaa mzima. Wa kweli alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, aliyechukuliwa na askari mwaka sitini na tano, walipowasomba wote walioshukiwa ukomunisti, vumbi la chaki bado liko mikononi, akaishia kisiwa cha Buru pamoja na maelfu ya wafungwa ambao hawakuwahi kusomewa mashtaka. Jina lake halikutajwa tena nyumbani. Yule wa karatasi ndiye aliyempatia Bu Murwani shule, kazi na usingizi kwa miaka arobaini. Na mimi ndiye niliyekaribia kuyafuta yote hayo kwa sentensi moja, mbele ya watu mia na ishirini. Sijajisamehe, kwa hiyo msomaji asitarajie nijipambe.

Nafundisha historia chuoni hapa Semarang, mji wa Wajawa, na ni mtu wa mdomo. Mke wangu husema kinywa changu huamka kabla yangu. Miaka ile, mkuu wa kitivo alikuwa akilalamika kwamba wahitimu wetu wanakaa nyumbani tu wakikariri tarehe za vita. Mimi nilitaka vijana wasikie wazee wakisimulia yaliyowapata. Yeye alitaka vijana wapate kazi. Tukavutana mwezi mzima, tukakubaliana kuanzisha mazungumzo ya kila Alhamisi, na bango likaandikwa: Kumbukumbu, Historia, Hadithi na Ajira. Lilikuwa refu kiasi kwamba neno la mwisho lilikunjwa nyuma ya pazia. Nilifurahi sana kwamba ni hilo.

Mazungumzo yalifanyika Ukumbi wa Pili. Mkuu wa kitivo alidhani ukumbi ule ni wake, lakini ufunguo ulikuwa kiunoni kwa Bu Murwani. Viti alipanga yeye, feni aliwasha yeye, vitafunio aligawa yeye, nyaya alizikunja yeye, kiwiko mpaka kiganja, kiwiko mpaka kiganja, bila hata kuangalia. Alianza kazi hiyo akiwa binti wa miaka ishirini na minne, na mwaka ninaousimulia alikuwa na arobaini na sita, mjane, mwembamba, sandali zake hazitoi sauti.

Sheria yake ilikuwa moja. Wakati wa maswali, kipaza sauti alikishika yeye. Alikuletea mdomoni, ukauliza, akakiondoa. Hakumwachia mtu.

"Bu, nipe nishike mwenyewe, mkono utakuchoka," mwanafunzi mmoja alimwambia.

"Mkono wangu umekuomba msaada? Uliza swali lako."

"Lo! Humu ndani hata mkuu wa chuo akija atashikiwa!"

"Huyo ndiye wa kwanza. Yule akikipata, tutalala hapa."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Alishasikia hotuba za miaka ishirini na miwili na hakuwahi kuuliza swali hata moja. Siku moja nilimtania kwamba tutamwalika asimulie maisha yake. Akanijibu, akiniita Pak, yaani Bwana, kama kawaida yake, "Maisha yangu ni viti, Pak Wiyoto. Ukishavihesabu umemaliza."

Ila mara moja tu aliwahi kuteleza, na alitelezea kwangu. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mgonjwa mgonjwa, leo homa, kesho kifua, mpaka mama mkwe akakata shauri kwamba jina limemzidi uzito, abadilishwe. Mimi na shahada zangu nikanuna, lakini nilikubali; kwetu Wajawa mtoto akielemewa na jina hupewa jingine. Unapikwa uji mweupe na uji mwekundu wa sukari ya mnazi, majirani wanakuja, dua inasomwa, jina jipya linatangazwa, watu wanakula. Bu Murwani alikuja alfajiri kusaidia kupika, pamoja na binti yake Ratri, wakati huo wa miaka kumi na miwili, ambaye ndiye alikuwa akikoroga. Aliponiona nimekaa kinyonge jikoni akanihurumia.

"Usisikitike, Pak. Hata mimi nilibadilishwa. Kwetu Kalipucung waliniita Lestantun mpaka nilipofika miaka sita. Lilinielemea, likaondolewa. Na nimekonda tu, sijafa."

Tukacheka, Ratri naye akacheka, uji ukaliwa, mtoto akapona. Sikujua kwamba Bu Murwani hakuwahi kuugua utotoni hata mafua. Mwaka sitini na sita, baba yake akiwa kizuizini, mama yake alipika vyungu viwili vya uji na kuwaita majirani. Akatangaza kwamba mtoto ameelemewa na jina, kuanzia leo ni Murwani, na anakwenda mjini kulelewa na mjomba wake, karani Suwignyo. Kila jirani alimwona mtoto anavyoruka kamba uani. Hakuna aliyeuliza. Walikula, wakafuta midomo, na tangu siku ile hapakuwa na mtu Kalipucung aliyewahi kumsikia Lestantun. Waliapa kwa vijiko.

Mjini mjomba akamwandikisha kuwa mwanawe. Bila hivyo asingepata kazi hata ya kufagia chuo cha serikali, maana enzi zile kila mwombaji alichunguzwa ukoo: baba nani, mjomba nani, kuna aliyefungwa? Mtoto wa mfungwa wa Buru alikuwa na doa, na mjukuu alirithi doa. Utawala ule wa kijeshi ulikuwa umeanguka miaka minane kabla ya hadithi hii, watu wakaanza kusema waliyoyaona, lakini uchunguzi wa ukoo ulibaki kwenye baadhi ya milango. Mmojawapo ni ule aliokuwa akiugonga Ratri.

Ratri alitaka kuwa polisi. Alitaka tangu utotoni, na kwa ukali kabisa. Alikimbia kilomita tano kila asubuhi, aliogelea, alishafaulu afya, mbio na mtihani wa karatasi. Kati ya wasichana mia nne walikuwa wamebaki thelathini. Ilibaki hatua moja: Jumatatu saa tatu asubuhi, mahojiano ya ukoo. Mama yake aliniambia hayo Jumanne, akipanga glasi.

"Ataulizwa nini tena mtoto yule?" nilisema. "Ukoo wenu mweupe kama pamba."

"Ndiyo, Pak," alisema, akaendelea kupanga glasi.

Ratri mwenyewe hakujua lolote. Alijua babu yake ni karani Suwignyo, na kila mwaka alilifagia kaburi lake.

Basi mgeni wangu wa Alhamisi hiyo alikuwa Mbah Kasdu, yaani Babu Kasdu, mzee wa miaka sabini na minane kutoka Blora, aliyekaa Buru miaka kumi. Nilikuwa nimemsumbua mwaka mzima kwa barua. Bu Murwani alilisoma jina lake kwenye bango, na chini yake "mfungwa wa zamani wa kisiwani", akiwa juu ya ngazi.

"Mzee huyu ametoka kisiwa gani, Pak?"

"Buru, Bu. Tena anasimulia vizuri, utaona."

"Basi niongeze viti," alisema, akashuka ngazi polepole.

Angeweza kusema anaumwa. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakukaa nyumbani siku hiyo, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Baba yangu alikwenda huko nikiwa mtoto, halafu mtu anatoka huko, anakuja mpaka ukumbini kwangu, nami nikae nyumbani nikitwanga pilipili?"

Ukumbi ulijaa. Safu ya nyuma kabisa alikaa bwana mmoja aliyevaa jaketi la ngozi katika joto la Semarang, mwenye daftari dogo. Tulimfahamu, alikuwa kachero. Mazungumzo yoyote yenye harufu ya mwaka sitini na tano, hakosi. Wanafunzi walimwita Pak Jaketi na walikuwa wakimpelekea vitafunio viwili ili aone aibu. Alikula vyote viwili na aibu hakuona. Kamera ya wanafunzi ilikuwa inarekodi. Na karibu na mlango, helmeti ikiwa mapajani, alikaa Ratri, amekuja na pikipiki kumchukua mama yake.

Mbah Kasdu hakulia wala hakulaumu. Alisimulia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mwanafunzi wa mbele akamuuliza, kwa kuwa mkuu wa kitivo aliagiza lazima maswali ya ajira yaulizwe, "Mbah, kule kisiwani ulijifunza stadi gani za kazi?"

"Nyingi tu, mjukuu wangu. Kulima mpunga mahali ambapo mpunga haujawahi kuota. Kutengeneza gitaa. Kung'oa meno. Meno niling'oa mengi kuliko mpunga."

Watu walicheka. Bu Murwani alikuwa akitembea baina ya safu na kipaza sauti chake, mdomo huu, mdomo ule. Nilimwona, sikumwona. Nilikuwa najisikia raha. Ndiyo Alhamisi niliyokuwa nikiiota.

Kisha msichana mmoja akauliza ni nani aliyemfundisha kusimulia.

"Mwalimu Tarmuji," alisema Mbah Kasdu bila kusita. "Kibandani nililala mimi, pembeni yangu yeye. Watu walikuwa wanakuja hawajui kusoma, akawafundisha kwa kijiti mchangani. Mlinzi akija, anafuta kwa mguu. Alikufa mwaka sabini na nne, malaria, mikononi mwangu. Alinipa ujumbe wa binti yake." Akanywa maji. "Jina la binti ni Lestantun. Alimwacha na miaka mitano, kijiji cha Kalipucung. Nimetoka kisiwani miaka ishirini na saba sasa, na nimefika kijiji hicho mara tatu. Kila ninayemuuliza ananiambia hapa hapajawahi kuwa na mtoto wa jina hilo. Mara ya tatu nikajiambia, labda Mwalimu alimtunga tu, apate wa kumuwaza. Mimi ni mzee. Nikirudi Blora leo jioni sidhani kama nitatoka tena. Kama kuna anayemjua, ujumbe huu unanichosha kuubeba."

 Na mimi, mtu wa shahada, mwalimu wa historia, niliyetumia miaka kumi na mitano kuwafundisha watoto wa watu kwamba neno lina uzito wake, nilihisi furaha ya mwindaji. Kalipucung! Uji! Sikufikiri Jumatatu, sikumfikiri Pak Jaketi, sikufikiri chochote. Nilikisogelea kipaza sauti cha mezani.

"Kalipucung? Bu Murwani, si ndiko kwenu? Tena si uliwahi kuniambia kwamba utotoni walikuita Les..."

Hapo nikamwona uso.

Nilijing'ata ulimi, lakini spika zilishasema. Watu mia na ishirini waligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kipaza sauti mkononi, kimewashwa. Kule nyuma Pak Jaketi aliacha kutafuna. Ratri alikuwa akitabasamu, akidhani mama yake ameshinda kitu fulani.  Nilielewa yote kwa mpigo mmoja, kama mtu anayekumbuka ameacha moto jikoni akiwa tayari ndani ya basi.

Mbah Kasdu alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini.  Alikuwa anamtazama Bu Murwani pua, paji la uso, masikio, na sina shaka alimwona Mwalimu Tarmuji mzimamzima.

Bu Murwani alikileta kipaza sauti mdomoni mwake. Miaka ishirini na miwili, mara ya kwanza.

"Si mimi, Pak Wiyoto. Umechanganya watu. Baba yangu ni Suwignyo, karani wa kiwanda, mtaa wote unamjua. Mimi nimezaliwa naitwa Murwani."

 Sauti yake ilikuwa ileile ya kuwaambia watu wasikanyage nyaya. Nikamwona Ratri tabasamu linamwisha taratibu, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akikoroga uji asubuhi ile, na alisikia kwa masikio yake mwenyewe mama yake alizaliwa akiitwa nani. Alimtazama mama yake, akamtazama mzee, akaishika helmeti kwa mikono miwili.

 Nilisikia kalamu ya Pak Jaketi. Naapa niliisikia.

Mbah Kasdu akaketi.

"Pak Dosen," aliniita, yaani Bwana Mhadhiri, akicheka kicheko kikavu, "usinitafutie watoto wasio wangu. Nimezeeka, ninaeleza nusu nasahau nusu. Niseme sawasawa. Mara ile ya tatu, bibi mmoja kijijini aliniambia yule mtoto alikufa kwa homa mwaka sitini na saba. Nikamkatalia, nikagombana naye. Sasa nakubali. Amekufa. Mama huyu nisamehe, tumekusumbua na kazi yako."

"Hakuna neno, Mbah," alisema Bu Murwani, na akakipeleka kipaza sauti kwa mwanafunzi aliyekuwa karibu.

Mungu ambariki kijana yule, aliuliza, "Mbah, hiyo miaka kumi kwenye wasifu wa kazi uliiandikaje?"

"Niliandika mkulima. Na nilipata kazi ya kung'oa meno."

Watu wakacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Nilifunga mazungumzo kabla ya wakati.

Nyuma ya ukumbi kuna chumba kidogo cha wageni. Nilimpeleka mzee huko akanywe chai huku akisubiri gari la kwenda stesheni. Nilitamani kuomba radhi, lakini sikujua niiombe vipi, wala kwa nani kwanza. Bu Murwani aliingia na kubaki amesimama karibu na dirisha, akikunja waya, kiwiko mpaka kiganja. Alipoumaliza aliukunjua akaanza upya. Ratri akaingia na trei ya chai na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya ndizi. Mama yake alimwambia, "Weka hapo, Nduk, binti yangu, ukaningoje nje." Ratri akaweka. Nje hakwenda.

Mbah Kasdu alifungua jani la ndizi, akala kidogo, na akaongea akiitazama glasi.

"Kuna kazi moja mbaya, Pak Dosen. Kubeba ujumbe wa marehemu kwenda kwa marehemu. Nitaufanyaje? Nikiurudisha Blora utanioza mkononi. Nitauacha hapa mezani, mfagiaji ataufagia."

 Waya uliendelea kuzunguka.

"Kaburi la Mwalimu lipo kambi ya saba. Ukishuka mto, mkono wa kulia kuna miti ya kayu putih, ile tuliyokuwa tukiikamulia mafuta ya kuchua tumbo. Kaburi la tatu. Tuliweka jiwe, halina jina. Hilo moja. La pili ni maneno yake. Siku mbili kabla hajafa, homa ikiwa imempa nafasi, alisema hivi: mwambieni Lestantun akiulizwa baba yako nani, amtaje mtu mwingine yeyote. Asione vibaya. Mimi nimemruhusu. Asome, apate kazi, anikane. Alirudia mara tatu, anikane, akanifanya niape."

Akamaliza wali wake, akafuta vidole.

"Basi. Ndiyo hayo tu. Miaka thelathini na miwili nimebeba maneno mepesi namna hiyo."

Bu Murwani alitundika waya ukutani. Akamwendea mzee, akachukua glasi tupu, na kwa mkono ule mwingine akauchukua mkono wa mzee, akainama akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaaga wazee wote. Mtu mwingine asingeona kitu. Mimi niliona kwamba hakuuachia haraka.

"Safari njema, Mbah."

"Ubaki salama, mwanangu."

Ratri alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona mama yake, akaona na mimi nimemwona.  Niliwatazama wakiondoka na pikipiki, mama nyuma, mikono kiunoni kwa binti, na niliingia chooni nikajipiga kofi. Halisi, la uso.

Ijumaa nilifuta kile kipande cha mkanda, ingawa daftari la Pak Jaketi sikuweza kulifuta. Jumamosi na Jumapili sikula vizuri. Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa darasani nikifundisha sijui nini. Bu Murwani hakuja kazini siku hiyo. Jumanne alikuja, akapanga viti, akanisalimu kama kawaida. Niliogopa kuuliza. Majina yalipobandikwa baada ya wiki tatu, la Ratri lilikuwemo.

Nikajidanganya kwamba limepita. Miezi minane baadaye, Ratri alipomaliza mafunzo, mama yake alifanya karamu ndogo ya shukrani nyumbani, adhuhuri, akanialika. Ratri alikuwa amevaa sare, amekaa wima, majirani wakimgusa vifungo na kumtania kwamba sasa wataogopa kuegesha ovyo. Alinisalimu kwa heshima zote. Macho yake yalinipita.

Nikaenda jikoni. Bu Murwani alikuwa akipakua wali wa manjano. Nilimwambia nilichopaswa kumwambia tangu ile Alhamisi, kwamba nilikosa, kwamba tamaa ya hadithi ilinipofua, kwamba namshukuru Mungu halikuharibika neno, binti amepata.

"Halikuharibika?" alisema. Aliweka kijiko chini. "Kaa hapo, Pak. Nikuambie Jumatatu ilivyokuwa."

Nikakaa kwenye kigoda.

Walikuwa watatu mezani, alisema. Walianza na maswali ya kawaida, Ratri akajibu. Kisha yule wa katikati akavuta karatasi. "Alhamisi mama yako alitajwa chuoni. Kuna mtu anaitwa Tarmuji. Unamjua?" Ratri akasema hamjui. "Baba wa mama yako ni nani?" Akasema Suwignyo, karani. "Una hakika?" Ana hakika. Walimuuliza mara tatu, wakibadilisha maneno. Mara zote tatu alijibu bila kukosea hata herufi. Walikuwa wameshatosheka, wakawa wanafunga mafaili. Hapo yule wa pembeni, mzee mpole mwenye miwani, akamuuliza kama kwa mazungumzo tu. "Binti, hebu tuseme mtu kama huyo Tarmuji angekuwa babu yako. Ungejisikiaje?"

"Akasema nini?" niliuliza.

"Akasema, ningeona aibu, Pak."

Nje, majirani walicheka kitu. Bu Murwani alikuwa akitazama sufuria.

"Wakampigia mhuri. Akaja nyumbani, hakuvua hata viatu. Akaanguka pale ulipokaa wewe, akaniwekea kichwa magotini, mtoto ambaye hajalia tangu baba yake azikwe. Ananiambia, Bu, Mbah alisema babu ameruhusu tumkane. Nimemkana mara tatu, sikuumia, kwa sababu ameruhusu. Lakini aibu hakuiruhusu, Bu. Aibu nimeitoa mimi mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Tulikaa sakafuni mpaka mchana. Tangu azaliwe nimefanya kazi moja tu, Pak, si ya viti. Kazi yangu ilikuwa mtoto huyu asijue, ili akiulizwa aseme uongo kwa moyo safi, kama mtu anayesema kweli. Ndiyo ulinzi pekee niliokuwa nao. Angesema Suwignyo, angeamini ni Suwignyo, na babu yake asingemdai chochote. Wewe ulimpa babu, na siku nne baadaye akamtemea mate."

Niliinamisha kichwa. Nilisema samahani tena, nadhani mara mbili.

"Wale wa mezani nimewasamehe," alisema, akichukua tena kijiko chake. "Wanauliza walichoagizwa. Mbah Kasdu sina cha kumsamehe, namwombea. Hata yule mlafi wako wa jaketi nimemsamehe, ana watoto. Wewe bado, Pak Wiyoto. Nikiwa tayari nitakuambia. Sasa shika sahani hii, wageni wana njaa."

Nikaishika sahani, nikatoka nayo.